Milimita Kumi na Sita

Mimi ni fundi wa nguo, Umoja, nyuma ya soko la Mutindwa.
Najua sentimita zinavyodanganya:
kiuno cha asubuhi si kiuno cha baada ya ugali.
Milimita sikuwa na haja nazo
mpaka Jumanne ile, chumba kiza, jeli baridi,
na binti wa skani akinyamaza,
akipima, akifuta, akipima tena.

"Kumi na sita," akasema.
Kifungo cha sweta.
"Hizi ni wiki nane. Wewe unahesabu kumi?"
Nahesabu kumi. Nimezichora kwa chaki
nyuma ya mlango wa kibanda changu.
"Moyo siuoni ukicheza, mama."
Mama. Ndivyo huwaita wote pale,
hata muuza maziwa.

Usiku nikafungua daftari la madeni yangu.
Mtungi wa lita ishirini, ghorofa ya nne,
maana mfereji wetu hutoa maji Alhamisi tu.
Pedali ya cherehani, sare arobaini za shule.
Kahawa. Ugomvi na Mutuku juu ya kodi,
neno moja nililolitupa, sikuliokota.
Mama mkwe akapiga simu toka Kibwezi:
"Nilikukataza kushona usiku."
Nikaliandika na hilo.

Alhamisi maji yakaja.
Na damu ikaja.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema.
Wangu ulikuwa mwepesi kuliko usufi,
nao ndio ulionishinda kubeba.

Sista Kinanu hakuniambia utapata mwingine.
Alivuta kiti, akageuza kadi yangu ya kliniki,
akachora mgongoni mwake mistari miwili miwili.
"Baba huleta nusu ya maelezo, mama nusu.
Mara nyingi inapotoka mapema hivi,
ukurasa mmoja ulirudiwa, au haukuwapo.
Mwili ukafika hapo, ukasimama.
Katika mimba sita, saba, moja huishia njiani.
Tazama lile benchi la nje. Hawasemi tu."

"Mtungi je?"
"Si mtungi."
"Ugomvi?"
"Ugomvi ungetoa mimba, Nairobi ingekuwa na watoto?"
Nilicheka. Nikaona aibu ya kucheka, nikalia.
"Yaani kitambaa kilikatwa vibaya tangu mezani."
"Tangu mezani," akasema. "Sindano haina kesi."

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi:
"Ukilowesha pedi mbili kwa saa moja,
au homa ikipanda, au harufu ikigeuka,
usingoje kupambazuke.
Na siku ukishika nyingine, ingali changa,
maumivu yakikaa upande mmoja,
kizunguzungu, bega likiuma bila sababu,
usinipigie simu. Njoo.
Huenda imejishikiza mrijani, na hiyo huua."

Nimeibandika kadi ile juu ya cherehani.
Mistari ya chaki bado iko mlangoni, kumi.
Wateja hudhani ni vipimo vya mtu.

Mutuku hajasema kitu.
Ila kila Alhamisi, kabla ya adhana,
husikia mfereji ukikohoa, akateremka,
akapanda na mitungi miwili, ngazi sabini na mbili,
akaiweka jikoni polepole, asiniamshe.
Nilimwambia: si mtungi.
Anajua.
Hubeba tu.