Kabla ya Kitonga

Shemeji Kihwele alicheka hadi akaegemea nguzo:
"Pesa ya kitunguu unaitupa hewani?
Hewa ya Ilula inakudai nini, Tulinave?"

Magunia mawili nilikuwa nimeyauza,
noti nimezifunga kwenye pindo la khanga,
nikapanda ngazi za redio, Iringa mjini,
asubuhi ya Juni inayong'ata masikio.
Vijana wenye makoti wakaniuliza: mama, unauza nini?
Breki, nikasema. Pedi, liningi za malori,
na mikono ya fundi wangu, Mgaya.

Wakaniandikia maneno ya harusi,
"ubora wa hali ya juu", "wateja wetu wapendwa".
Nikayakataa. Dereva wa lori hajaja kupendwa nami.
Nikakisogelea kipaza sauti, nikasema nililokuwa nalo:
*Kamwene, dereva. Uko peke yako na tani thelathini.
Kabla ya Kitonga, pita Ilula.*
Sekunde kumi na tano.
Risiti nikaichomeka kwenye daftari la madeni.

Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili akaingia mmoja, akauliza choo.
"Choo cha laki moja na ishirini," alisema shemeji,
kwa sauti, ili na ng'ambo ya barabara wasikie.

Nilikuwa na bango, msidhani sikuwa nalo.
Bati zima, rangi nyekundu, nimelipaka mara mbili;
vumbi likalila, mbuzi wakajikunia.
Tena dereva hasomi.
Macho yake ameyakodisha lami,
mikono ameiachia usukani,
amebakiwa na masikio tu, yamekaa bure
tangu Tunduma.
Mimi nilibisha hapo palipo wazi.

Wiki ya tatu lori likayumba, likaegesha.
Akashuka mtu mnene, hakusalimu:
"Ni wewe unayezijua tani zangu?"
Mgaya akavua gurudumu.
Liningi ilibaki unene wa ukucha wa mtoto.
Yule bwana akaitazama, akatazama mashariki
ambako barabara inajikunja kuelekea bondeni,
kisha akaomba chai.
Chai akainywea kwa Mama Sekinyaga, na chapati nne.
Utingo akanunua tenga la nyanya, akapunguziwa, akaongeza vitunguu.
Hadi jioni safu nzima ya vibanda
ilikuwa imekula kutoka kwenye sentensi moja.

Mwezi uliofuata shemeji alikuja kofia mkononi,
yeye na mataili yake:
"Ukienda mjini, hapatabaki nafasi ya neno moja?"

Sijisifu. Kuna miezi inakuwa hewa kweli,
umeme unakatika, na kulipa nimeshalipa.
Na wapo waliosikia wakapita.
Mmoja alipita Agosti.
Walioshuka korongoni kumtoa
walisema redio ilikuwa bado inaongea.
Sijauliza ilikuwa ikisema nini.

Juzi nilitoka msibani Mafinga,
nikaomba lifti kwenye Fuso ya mbao.
Kijana wa watu, mpole, hakunijua.
Tulipoipita Ipogolo, katikati ya taarabu,
nikajisikia natoka kwenye dashibodi:
*Uko peke yako na tani thelathini.*
Sauti nyembamba kuliko ninavyojidhania.
Sikuwahi kuisikia garini,
kwangu hakuna gari.

"Huyu mama," kijana akasema, "kila siku ananisema mimi."
Nikatazama dirishani, mashamba ya alizeti.
Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumpa na bei.
Nikanyamaza, nikainama kidogo kama natafuta kiatu,
nikauona mguu wake ukiondoka kwenye mafuta,
ukaigusa breki, taratibu,
kama mtu anayebonyeza jino
kujua kama bado linauma.