Vikombe Sitini

Jumanne sanduku lilifika na barafu yake,
galoni mbili za maji ya kiwanda cha karatasi,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani,
na fomu yenye sahihi tatu: aliyeyateka,
aliyeyabeba, na mimi niliyeyapokea,
kama mtoto anayekabidhiwa mlango kwa mlango.

Kibali kinasema: usiniambie kilichomo tu.
Zebaki kiasi gani, klorini kiasi gani,
hayo mashine huyasoma, na mashine haiumwi.
Muulize atakayeishi humo.

Basi nikawauliza viroboto wa maji,
wadogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii.
Wote majike, wote wa ukoo mmoja,
wote wamezaliwa usiku uleule.
Mmoja kwa kikombe. Vikombe sitini.
Kumi kwenye maji safi tuliyoyachanganya wenyewe,
kumi kwenye asilimia sita na robo,
halafu kumi na mbili unusu, ishirini na tano, hamsini,
na kumi wa mwisho kwenye maji yenyewe,
hayakuzimuliwa hata tone,
kama yanavyotoka chini ya daraja la Mtaa wa Tatu
Januari hii, Wiskonsin, mto mzima umeganda
isipokuwa pale, panapofuka mvuke.

Chakula chao: hamira, mwani, unga wa samaki.
Joto: nyuzi ishirini na tano, usiku na mchana.
Nje ni ishirini chini ya sifuri.
Kuna asubuhi ninawaonea wivu.

Siku ya nne nikaanza kuhesabu watoto.
Unainua kikombe juu ya taa,
mama anapenya mwanga; mayai unayaona mgongoni,
hata moyo unauona, unavyokwenda mbio.
Sheria inawataka akina mama wa maji safi
wazae kumi na watano kwa wastani,
la sivyo jaribio zima ni batili:
hata kushtaki kunahitaji mtu mmoja mwenye afya.

Jumatatu Bwana Verhagen akapiga simu kutoka kiwandani.
"Pa Houa, wamekufa?"
"Hapana."
"Hata kwenye asilimia mia?"
"Wote kumi wanaogelea."
Nikasikia kiti chake kikilia, mtu anajinyoosha.
"Basi tumepita."
"Hawajazaa," nikasema.
Kimya. Kisha:
"Hawajazaa, au wamechelewa?"

Sikumtajia bibi yangu.
Sikumwambia kwamba kila Mei yeye na wenzake,
Wahmong waliowahi kuvuka mto mwingine usiku
na watoto migongoni,
husimama hapo ukingoni na ndoo za plastiki
samaki weupe wanapopanda.
Bango limeandikwa kwa lugha tatu, moja yetu:
usile zaidi ya mmoja kwa mwezi;
mjamzito asile kabisa.
Bibi hajui kusoma hata hiyo yetu.
Nilimsomea mimi. Akaniuliza,
"Na hao samaki, nani amewasomea?"

Nikajaza jedwali.
Maji safi: ishirini na mbili, kumi na tisa, ishirini na sita.
Asilimia hamsini: sita, nne, saba.
Asilimia mia: sifuri, sifuri, sifuri,
kikombe cha hamsini na nne: mmoja,
sifuri.
Nikamtazama sana yule mmoja.
Aliruka, akatua, akaruka,
kama herufi inayotafuta neno lake.

Jaribio likiisha waliosalimika hawarudishwi popote.
Unamimina vikombe vyote kwenye ndoo ya dawa,
wa maji safi na wa maji ya kiwanda,
mama kwa watoto, na yule mmoja.
Ndivyo utaratibu ulivyo. Nilivaa glavu.
Kisha nikaosha vikombe, nikavipanga kifudifudi,
maana Ijumaa linakuja sanduku jingine;
kiwanda kikishindwa mara moja hupimwa tena, na tena.

Chini ya fomu pana mistari miwili ya maoni.
Nikaandika: Mama wako hai.
Nikaifuta.
Nikaandika namba.