Mita Sita za Bafta

Daftari la shule, ukurasa wa mwisho, kalamu nyekundu:
projekta ya mtumba, laki na sitini,
ya ukumbi wa harusi uliofungwa kule Chumbageni.
Kioo kina kidoa; muuzaji kaapa hakionekani.
Waya, elfu saba. Misumari ipo.
Spika ni zile za redio ya marehemu baba,
moja inakoroma, nyingine inasema kweli.

Kuua mwangwi, nilimwomba Semhando wa chipsi
trei za mayai, thelathini na mbili,
nyingine bado zina unyoya.
Nikazigongomea ukutani hadi darini.
Mama akachungulia: "Sasa unafuga nini?"
Magunia ya katani nikayatundika dirishani,
chumba kikanuka Ngomeni baada ya mvua.

Kikabaki kitambaa.
Shuka zetu zote zina maua, na nani atatazama
shujaa anayekufa na waridi usoni?
Nikaenda dukani kwa Taibali, Barabara ya Tatu.
"Nipe bafta nyeupe, mita sita."
Mkasi ukasimama hewani.
Akavua miwani. "Innalillahi. Nani?"
Nikasema hakuna mtu, ni ya picha.
Akanitazama kama amwachiaye mfiwa uongo wake,
akapunguza elfu mbili,
akaongeza nusu mita bila kusema.

Nami, niseme kweli? Mfuko ulikuwa umebana.
Nilipokea.

Kutoka Barabara ya Tatu hadi ya Kumi na Tisa
ni dakika kumi kwa baiskeli.
Habari ilifika kwa tano, nayo haina baiskeli.

Saa mbili kasoro, nipo juu ya stuli, msumari mdomoni,
hodi ya kwanza: Bi Mwantumu, kanga kichwani, kilo ya sukari.
Ya pili: Zahoro na nduguze, wamebeba mkeka.
Ya tatu: wanaume wanne, kimya,
mmoja na bahasha, anauliza maziko saa ngapi.
Mama akatoka jikoni na mwiko.
Walimwona, wakarudi nyuma hatua moja,
maana nusu yao walikuwa wamemlilia yeye
njia nzima.

Utamweleza nani, uanzie wapi?
Niliwasha.

Mwanga ukapita juu ya kofia zao,
ukagonga bafta, na bafta ikawa stesheni ya treni,
mvua ya nchi nyingine, mwanamke mwenye koti anakimbia,
na kile kidoa shavuni pake.
Kikahamia shavuni pa polisi.
Shavuni pa farasi.
"Ukoo mmoja hawa," akasema Zahoro,
na msiba ukapasuka kwa kicheko.
Wakaketi. Mkeka si ulikuwepo?
Sukari ikaenda kwenye chai.

Katikati, LUKU ikakata
pale pale mwanamke anapofungua barua.
Giza. Mtu akanong'ona: "Kaandikiwa nini?"
Hakuna aliyejua, hakuna aliyeondoka.
Mwenye bahasha akaichana mwenyewe,
akamtuma Mbwana mbio kununua yuniti.
Kama ile ilikuwa rambirambi au kiingilio
sijamuuliza mpaka leo.

Saa sita usiku walikwenda, wakibishana juu ya barua
hadi sauti zao zikapinda kona.
Nikaanza kuchomoa misumari.
Mama akashika ncha zake, mimi zangu,
tukaikunja kama tukunjavyo mashuka,
tukikaribiana, tukiachana, tukikaribiana.
Akaipima kwa mkono, toka kidole hadi bega,
mara moja, mara mbili, akihesabu moyoni.
"Inatosha," akasema, "na inabaki.
Usiitoboe sana huko pembeni."

Kisha akauliza kesho kuna picha gani.