Vihesabio Viwili

Kabla ya kuvua koti, tarehe.
Hilo ndilo alilonifunza kwanza Orysia Hnatiuk
katika chumba cha barua cha Mbegu za Lesko,
Saskatoon, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
theluji ingali imenata kwenye kope zangu:
"Mashine haijui kuwa usiku umepita.
Usipoiambia, itapiga jana mpaka jioni,
na posta hawapokei jana."

Yeye aliwahi kupiga jana, mara moja:
bahasha mia sita na kumi na mbili
zikarudi kwa gari lile lile lililozichukua,
akaketi mpaka saa tano za usiku
akigonga tarehe mpya mgongoni mwa kila moja.
Alinisimulia akicheka kwa pua,
kama mtu anayekuonyesha kovu la goti.

Mashine yenyewe haikuwa na sura.
Rangi ya uji wa juzi, mizani ndogo begani.
Unaipa bahasha; inaimeza, inakohoa,
inaitema upande wa pili na wekundu pembeni:
thamani, tarehe, namba ya leseni,
na suke la ngano ambalo mzee Lesko alililipia zaidi
ili mkulima ajue ni sisi hata kabla ya kufungua.
Hakuna tena kulamba stempu.
Ulimi wake, alisema Orysia, ulipumzika mwaka wa themanini na moja
na tangu hapo haujanyamaza.

Katalogi za Januari, kwenda Melfort, kwenda Yorkton.
Ankara za Machi.
Madai ya Oktoba, mvua ya mawe imekwisha kula kanola
na mtu hana cha kulipa ila aibu.
Wekundu ni ule ule.
Mashine haiulizi bahasha imebeba nini,
inauliza uzito.

Ndani mna vihesabio viwili.
Kimoja hupanda: kilichotumika tangu siku ya kwanza.
Kingine hushuka: kilichobaki.
Kila jioni alivijumlisha kwa penseli
na jumla haikusogea hata senti,
mpaka salio lilipokaribia kwisha,
akaifunga mashine blanketi, akaiburuta posta
kwenye sleji ya mtoto,
ikafunguliwe lakiri, ijazwe, ifungwe tena.
"Kinachopanda na kinachoshuka," alisema, "vinajuana."
Sleji ilikuwa ya mtoto gani, sikuuliza.

Alipostaafu nilifungua droo ya chini.
Kopo la biskuti, zito.
Sarafu, na vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa rula:
Barua yangu, gramu arobaini na moja. Nimelipa.
Barua yangu, gramu ishirini na nane. Nimelipa.
Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, miaka kumi na sita,
bila jina la mpokeaji.
Lesko alikataa kuzichukua zile senti,
naye alikataa kuacha kuzitia.

Gramu zilikuwa zikipungua.
Kumi na tisa. Kumi na nne.
Kisha tisa, tisa, tisa, mwaka mzima wa tisa:
bahasha na karatasi moja,
pengine mstari mmoja.
Namwaza huyo mtu, popote alipo,
akiona suke la ngano, akidhani ni ankara,
akiiacha juu ya friji pamoja na nyingine.

Kipande cha mwisho kina tarehe ya Juni, Jumanne,
siku ambayo hakuwahi kuandika:
Gramu hamsini na nne. Nimelipa.
Basi. Baada ya hapo hakuna.

Nilihesabu sarafu dhidi ya vipande
mpaka taa za barabarani zikawaka.
Senti tano zilizidi.
Nilizirudisha koponi; si zangu, wala si za Lesko.

Siku hizi salio hujazwa kwa simu, dakika mbili.
Sleji imetundikwa ukutani, kamba yake imekauka.
Naingia, baridi ikinifuata mlangoni,
na kabla sijavua koti
nainama, naiambia mashine
kuwa usiku umepita.