Makopo Yaliyobonyea

Miaka thelathini na mmoja nilipanga jodari makoponi,
vidole vikinuka mafuta ya zeituni hata siku ya harusi yangu,
na kila Ijumaa, mvua ya Vigo ikitupiga mashavuni,
msimamizi Eladio alitugawia yale yaliyobonyea,
yasiyofaa dukani, yanayotufaa sisi.
Hivyo ndivyo nilivyokulea, Sabela:
kwa kasoro za bati.

Leo umekaa jikoni pangu, mkono juu ya mimba ya miezi mitano,
na umeisogeza sahani.
Mkate niliouumua tangu alfajiri,
nikaujaza jodari, vitunguu, pilipili hoho,
umeusogeza kwa kidole kimoja
kama barua iliyokosea nyumba.

Unasema: Mama, si kila siku.
Unasema: zebaki.

Zebaki. Jina la kumpa farasi, au binti wa mfalme.
Mimi nilidhani makazi yake ni kwenye vipimajoto.

Ukanieleza polepole, kwa sauti unayowatunzia watoto wa chekechea:
moshi wa makaa hupaa, mvua huuteremsha,
bahari haijui kumkatalia mgeni.
Kijidudu kisichoonekana humeza chembe,
dagaa humeza vijidudu elfu,
kibua humeza dagaa mia,
na jodari, mwenye umri mrefu na njaa ndefu kuliko umri,
huwameza wote pamoja na madeni yao.
Haba na haba, Mama.

Kibaba nakijua. Nimekijaza kwa mikono hii,
gramu themanini, gramu themanini, gramu themanini,
mizani ikilia kila nilipozidisha uzi mmoja wa nyama.
Hakuna aliyetuwekea mizani ya hilo jingine.

Nilikasirika, nakiri.
Nikasema mbona u mzima, mbona ulishika namba mbili darasani,
mbona bibi yako Obdulia alikula jodari hadi miaka tisini
akafa kwa kuanguka ngazini.
Hukujibu. Ulinishika kiganja, pale penye kovu la mfuniko.
Kisha: daktari hakukataza samaki, Mama.
Amesema wadogo. Amesema nihesabu.

Basi ulipoondoka, nikahesabu mimi.
Nyuma ya bili ya umeme, kwa penseli:
matatu kwa wiki, wiki hamsini na mbili, miaka thelathini na mmoja.
Elfu nne, mia nane na kitu.
Nikaigeuza karatasi.
Deni la umeme lilisomeka vyema zaidi.

Sumu haionjwi, husema watu.
Sisi tuliilamba kwenye kisu, tukafuta mafuta kwa mkate,
tukamshukuru Eladio.

Usiku wa manane nimefungua kabati.
Saradini nimezileta mbele, hizo zako,
fupi, za maisha mafupi, hazikupata muda wa kukusanya.
Jodari nimewarudisha nyuma, nyuso za bati ukutani.
Mmoja nimembakiza mezani. Wa Jumapili.
Kumwacha kabisa siwezi,
ningekuwa namkana mume aliyenilisha.

Ndipo nikakumbuka. Ulikuwa na miaka sita, surua, homa,
kipimajoto kikaniteleza kikavunjika sakafuni,
na shanga za fedha zikakimbia huku na huko,
zikigawanyika, zikikumbatiana tena.
Ulisahau homa ukacheka, ukapiga makofi.
Nilizifukuza kwa kadi ya posta nikiwa nimepiga magoti,
nikazitia kwenye kopo tupu. Kopo la nini, unajua.

Moja sikuipata.
Iliingia ufa wa ubao, karibu na mguu wa kitanda chako,
chumba kile kile unachotaka kumlaza mtoto.

Sasa hivi nimelala kifudifudi juu ya ubao huo,
tochi mdomoni,
kisu cha kufungulia makopo mkononi.