Mtembea Bure

Muuguzi Chelang'at alinifunga mkono kwa ule mkanda,
akaujaza hewa, akasoma, akasoma tena,
akaniuliza nafanya kazi gani.
Nikamwambia: nakaa.

Sikuwa nafanya mzaha.
Miaka kumi na mmoja niko nyuma ya wavu wa chuma,
kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Buruburu,
upana wake mikono yangu miwili, na haijanyooka yote.
Pesa za watu hutembea hadi Lodwar, hadi Kwale,
huvuka mito, hufika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.
Mwenye kuzituma stuli imemchora makalio.

Na usiku, tangu tumzike Musyoki,
nalala macho yakiwa darini
nikipiga hesabu zisizo na jumla:
simu niliyoiacha ilie,
elfu mbili nilizosema sina.

"Nusu saa kila siku," akasema, "kwa miguu.
Dawa hii haiuzwi, ndiyo maana hamuinywi."

Siku ya kwanza nilifika langoni.
Ekai, bawabu, alizinduka kitini
akadhani kuna mgonjwa.
"Natembea tu."
"Unaenda wapi?"
Swali hilo likanirudisha ndani.

Siku ya pili, kituo cha mafuta.
Ya tatu na ya nne nilihesabu hatua kama noti,
mia, mia mbili, nikizifunga mafungu kichwani.
Ya tano ikanyesha.
Ya sita haikunyesha, ila nilisema itanyesha.
Ya saba tuiache.

Kilichonitoa tena si ujasiri.
Ni Ekai dirishani, saa kumi na moja na nusu:
"Mzee Kyalo! Yule wa kutembea tu, amehama?"

Nikavaa raba za mwanangu,
zinanizidi saizi moja, nikazishindilia gazeti la jana,
nikaishika Rabai Road kungali na giza la rangi ya majivu.
Kerubo alikuwa akipuliza jiko la uji;
moshi wake una adabu, ulinipisha.
Korongo juu ya mti, mabega juu, shingo ndani,
kama karani aliyefutwa kazi ambaye bado hajamwambia mkewe.
Jakaranda zilikuwa zimemwaga zambarau yote juu ya matope
na hakuna aliyeombwa namba ya siri.

Kwenye reli ya Mutindwa treni ikanisimamisha.
Behewa, behewa, nyuso zenye usingizi, behewa.
Ilipokwisha, nikatafuta nilikuwa nimefika hatua ya ngapi.
Nimepoteza hesabu. Mimi!
Nikangoja nishikwe na hofu.
Haikuja.

Akaja Musyoki.
Si kama ajavyo usiku, daftari la madeni kwapani.
Alikuja na mwendo wake tu,
ule wa kuburuta mguu wa kushoto tangu apigwe na fahali,
akaanza kulalamika, kama kawaida yake, kuhusu bei ya mahindi.
Nikapunguza hatua
asije akaachwa.

Bibi yetu alikuwa akisema
mtembea bure si sawa na mkaa bure,
huenda akaokota.
Haya. Wiki sita sasa, nilichookota ni hiki:
kifungo cha shati, cha buluu;
shilingi tano iliyokanyagwa hadi ikapoteza sura;
jina la mtoto wa Kerubo, ambalo nililiuliza mara mbili;
presha imeshuka kidogo,
("Kidogo," alirudia Chelang'at, kidole juu);
na juzi Jumanne nililala na soksi moja mguuni
nikazinduka kumekucha, nyingine bado iko mkononi.

Yapo magoti, yanalia ngazini.
Zipo asubuhi ambazo blanketi hushinda.
Ekai bado huniuliza naenda wapi.
Humjibu: nikirudi nitakwambia.
Nikirudi, namkuta amelala.