Brashi ya Unywele Mmoja

Miaka ishirini na sita nimefuta nyuso za watu
katika studio ya Bwana Vadgama, ghorofa ya pili, Bondeni,
juu ya duka la mbegu na dawa za kupe.
Chunusi, kovu la kisu, jicho lenye ukungu:
nalamba brashi ya unywele mmoja, nachovya wino,
naigusa hasi juu ya kioo chenye taa,
na mtu anatoka kwangu hana habari na maisha yake.

Jotham Gakere alikuja kwanza akiwa karani
wa ushirika wa pareto,
suti ya kuazima, viatu vimejazwa magazeti.
Alikuwa mzuri, sitadanganya,
mzuri wa kukufanya usahau ulikuwa unahesabu chenji.
Nilikesha na hasi yake
nikitafuta kosa, nikakosa.

Picha ile ikamlevya.
Kila Jumamosi alisimama dirishani petu
kama mtu anayesoma barua ya mapenzi
aliyojiandikia mwenyewe.
Kisha akaanza kuja kila Disemba,
na neno lake lilikuwa moja:
"Nifanye kama ile ya kwanza."

Mwaka wa tatu, sasa mweka hazina,
mkunjo mmoja kando ya mdomo.
Nikaufuta.
Mwaka wa tano wakulima wa Molo walilipwa ahadi,
maua meupe yakaozea magunia,
na macho yake yakawa na kitu
kama utando wa chai iliyopoa.
Nikautoa. Ulinichukua saa nne.
Alinipa bahasha;
nikamnunulia mama godoro.

Mnawajua heroe wa ziwa letu?
Huanguliwa wakiwa wa kijivu.
Ile rangi ya waridi wageni wanayoifuata kwa kamera
hutokana na wanachokula, kichwa chini, topeni.
Jotham naye alikula.
Akala mashamba, akala karo, akala michango ya mazishi,
na kadiri alivyokula ndivyo alivyong'aa,
nasi tukasema: tazama, Mungu amempendelea.

Juzi Prisca Chelangat alipanda ngazi zetu,
akipumzika kila baada ya kidato.
Alitaka picha ya kuwaachia wajukuu.
Nikamwambia, kama kawaida: nitakulainisha kidogo, mama.
Akanishika mkono kwa kiganja kikavu kama gunia.
"Usiguse. Miaka tisa nilipeleka pareto mizanini,
na haya makunyanzi
ndiyo risiti pekee niliyopewa."

Usiku nikateremsha makasha.
Hasi za Jotham, ishirini na mbili, nikazipanga mbele ya taa.
Uso mmoja. Uso mmoja. Uso mmoja.
Kilichobadilika ni tai.
Nikakwaruza wino kwa ukucha, ukapukutika kama masizi,
nikitazamia kukuta mnyama chini yake.
Hapakuwa na mnyama.
Palikuwa na mzee mwenye njaa
anayeomba aambiwe ni mzuri.

Kesho atakuja; ni Disemba.
Nimeosha brashi, na kwa mazoea nikaitia mdomoni,
na ladha ile ikarudi, chungu, ya chuma.
Nikaenda kwenye kioo cha msalani, nikaachama.
Ninyi mnaosema Jotham alikula,
njoni mtazame ulimi wangu.